Amplifaya ndogo ya valvu: spika ipi inaibeba, ipi inaizamisha

Mtu akishapata amplifaya ndogo ya valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti badala ya transista), swali lake la kwanza huwa: niifungie spika gani? Mimi naona swali hilo limegeuzwa. Amplifaya ya wati 3 au 8 haina ubavu wa kuchagua spika. Spika ndiyo inayoamua kama wati hizo zitajaza sebule, au kama utabaki unazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho na muziki bado umesinzia. Kama hujanunua chochote, anza na chumba na spika, amplifaya ifuate. Kama amplifaya unayo tayari, tafuta karatasi ya vipimo vya kila spika unayoitamani, uisome sambamba na haya yanayofuata.

Ninazolinganisha hapa ni amplifaya za aina tatu na spika sita zinazotajwa sana na wapenzi wa valvu, kuanzia LS3/5a, kisanduku cha BBC kinachoenea kwenye rafu ya vitabu, hadi La Scala, honi ya Marekani (spika yenye mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta) yenye uzito wa kilo 80 hivi.

Amplifaya zenyewe

Ndogo kuliko zote ni ya valvu ya 2A3. Valvu hii ya RCA ilitoka Marekani mwaka 1933, na ikifanya kazi peke yake kwa kila upande inatoa wati 3.5 hivi. Inayofuata ni 300B ya Western Electric, nayo ni ya miaka ya 1930, na wati zake ni 8 hivi. Amplifaya za namna hiyo ziliwahi kuendesha sauti kwenye majumba ya sinema. Usishangae: spika za sinema zilikuwa honi kubwa mno, na wati moja tu ilitosha kuzifanya zipige kelele. Ukiichukua 300B ukaiacha honi, umechukua nusu ya mtambo.

Ya tatu ni EL84, valvu nyembamba ya Ulaya yenye urefu wa sentimita 8 hivi. Ndiyo iliyokuwa ndani ya redio nyingi za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, zile za mbao zilizokuwa zikiwekwa sebuleni na kufunikwa kitambaa. Zikifungwa mbili kwa kila upande zinatoa wati 10 hadi 17, kutegemea fundi alivyozipanga. Leak Stereo 20 ya Uingereza, ya mwaka 1958, ni ya ukoo huu, na mpaka leo kuna watu wanaifufua na kuitumia kila siku.

Wati ni tofauti moja. Tofauti nyingine, ambayo wauzaji hawaisemi, ni jinsi valvu zinavyopangwa. Kwenye 2A3 na 300B za nyumbani, mara nyingi valvu moja hubeba wimbi zima la sauti. Mkondo mnyoofu unaopita kwenye valvu hiyo hupita pia kwenye transfoma ya kutolea sauti, usiku na mchana, muziki uwepo usiwepo. Chuma cha transfoma lazima kiwe kikubwa na kiachiwe mwanya, la sivyo kinashiba sumaku na besi inakufa. Ndiyo sababu amplifaya nzuri ya 300B huwa nzito kuinyanyua na ghali kuinunua, na ile ya bei ya kutupa huwa imebania hapo hapo, kwenye transfoma. Kwenye EL84 za jozi, valvu mbili hupokezana, sumaku ya mkondo wa moja inafutwa na ya mwenzake, na transfoma ya wastani tu inatoa besi yenye mpangilio.

Sauti pia hutofautiana. Valvu moja ikikaribia mwisho wa nguvu zake huongeza kidogo oktavu ya juu ya kila noti, na sikio huipokea kama unene na joto, hasa kwenye sauti ya mwimbaji. Huo ni utamu wa kweli, siubishi. Ila ukiniuliza mimi, mwenye sebule ya kawaida na mfuko wa kawaida achukue EL84 za jozi. 300B ni ya mwenye mahali pa kuweka spika kubwa.

Hesabu ya sauti kwenye kiti

Kila karatasi ya spika ina mstari wa usikivu: ukiipa volti 2.83 na ukaipima mita 1 mbele yake, itatoa desibeli ngapi. Kwa spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wake kwa umeme), volti hizo ni sawa na wati 1 kamili. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli 3 tu. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Kutoka 2A3 kwenda 300B, ukilipa fedha nyingi, umepata desibeli 3.6. Kutoka spika ya desibeli 85 kwenda ya 99 umepata 14, na hizo ungezitafuta kwa upande wa amplifaya ungelazimika kuzidisha wati mara 25.

Mtu anayesikiliza kwa raha nyumbani hukaa kwenye wastani wa desibeli 75 hivi. Lakini muziki hauendi kwa wastani. Kanuni ikidonolewa, dumbaki ikipigwa ukingoni, tarumbeta zote za bendi ya dansi zikiingia kwa pamoja, sauti huruka desibeli 15 hadi 20 juu ya wastani kwa kipande kidogo cha sekunde, kisha hushuka. Amplifaya isiyofika huko inakata kichwa cha noti. Kwa hiyo lengo langu ni 95 kwenye kiti bila sauti kupasuka. Ukikaa mita 3 mbele ya spika mbili katika chumba chenye kuta na fanicha, toa desibeli 5 hivi kwenye hesabu ya mita 1. Ni makadirio, lakini yanatosha kuamulia.

Jedwali hili linaonyesha kilele cha sauti kwenye kiti kwa hesabu hiyo:

| Spika (usikivu wa kiwandani) | 2A3, wati 3.5 | 300B, wati 8 | EL84 za jozi, wati 15 |
|---|---|---|---|
| LS3/5a (82.5) | 83 | 86.5 | 89 |
| KEF LS50 (85) | 85 | 89 | 92 |
| Wharfedale Linton (90) | 90 | 94 | 97 |
| DeVore O/93 (93) | 93 | 97 | 100 |
| Klipsch Heresy (99) | 99 | 103 | 106 |
| Klipsch La Scala (105) | 105 | 109 | 112 |

Kabla hujakimbilia mstari wa mwisho, kuna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza, watengenezaji wa honi mara nyingi huhesabu usikivu pamoja na msaada wa kuta au kona. Spika ikipimwa mahali pasipo mwangwi, namba hushuka. Mimi huwa natoa desibeli 3 hadi 5 kwenye namba yoyote inayozidi 95, na hata baada ya kutoa, honi bado inaziacha nyingine nyuma.

La pili ni zile volti 2.83. Spika ikiwa ya omu 4, volti hizo ni wati 2, kwa hiyo kiwanda kimejizawadia desibeli 3. Amplifaya ya transista haijali sana, kwa sababu omu za spika zikipungua yenyewe huongeza mkondo. Ya valvu haina akiba hiyo: transfoma yake hutoa wati zile zile kwenye ncha ya kufungia spika ya omu 4, ya 8 au ya 16. Linton ni ya omu 6, kwa hiyo kata desibeli 1 na kidogo. LS3/5a ya awali ni ya omu 15, na hapo mambo yanageuka kwa faida yako: volti 2.83 kwake ni nusu wati tu, hivyo kwa wati 1 kamili inapanda hadi karibu 85. Ukiifunga kwenye ncha ya omu 16, kisanduku kile kinachoonekana dhaifu kuliko vyote kwenye jedwali kinaikaribia kabisa LS50, na kwa valvu nitasema kinaipita, kwa sababu inayofuata.

Ukinzani, jambo linalosahaulika

Omu zilizoandikwa nyuma ya spika ni wastani wa kukubaliana tu. Spika iliyoandikwa 8 inaweza kuwa 30 kwenye besi, 4 kwenye sauti za kati na 12 juu. Amplifaya ya transista yenye mrejesho mwingi (sehemu ya sauti inayorudishwa ndani ili amplifaya ijisahihishe) haijali. Ukinzani wake wa ndani huwa chini ya sehemu ya kumi ya omu. Amplifaya ya 300B isiyo na mrejesho huwa na omu 2 hadi 3 ndani yake, na hizo hugawana volti na spika. Pale spika inapopanda, inapata volti nyingi zaidi, inaposhuka, inanyimwa.

Tufanye hesabu. Chukua spika yenye omu 30 kwenye hezi 73 (mitetemo 73 kwa sekunde) na omu 6 kwenye hezi 200. Ukinzani wa ndani wa amplifaya ukiwa omu 3, hezi 73 zitasikika juu kwa desibeli 2.7 kuliko inavyopaswa. Amplifaya ikiwa na omu 1 ndani, kama EL84 za jozi zenye mrejesho zinavyoweza kuwa, tofauti inashuka hadi desibeli 1. Kwa transista yenye omu 0.1 ni sehemu ya kumi ya desibeli, hutaisikia.

Sasa iweke hiyo kwenye muziki. Gitaa la besi lina nyuzi nne, na zikiachwa wazi zinalia hezi 41, 55, 73 na 98. Rumba ya Kikongo na dansi la kwetu huishi hapo. Mpiga besi anapopanda kutoka uzi wa 55 kwenda wa 73 kisha wa 98, anataka hatua tatu zenye uzito mmoja. Kwenye ndoa mbaya ya spika na valvu, ile ya kati inavimba, zile za pembeni zinanywea, na wewe unabaki kujiuliza mbona besi inaruka noti. Mtu mwingine akiisikia atasema "besi ya valvu ni ya mviringo". Ni uvimbe tu huo. Kwenye santuri ya udi na fidla, ambayo haina kitu kikubwa chini ya hezi 100, huenda usiugundue mwaka mzima.

Dawa ya bure ipo: jaribu ncha ya omu 4 hata kama spika imeandikwa 8. Ukinzani wa ndani hupungua kwa nusu, na ule uvimbe wa 2.7 unakuwa 1.5. Unalipa kwa kupoteza karibu nusu ya nguvu ya juu kabisa, kwa hiyo dawa hii ni ya wenye spika nyepesi. Hamisha nyaya amplifaya ikiwa imezimwa, chagua wimbo mmoja wenye besi inayotembea, usikilize ncha zote. Usiamini maandishi kuliko masikio hapa.

Kwenye karatasi ya spika, basi, tafuta neno moja: ukinzani wa chini kabisa. Ukikuta omu 6 au zaidi, hiyo ni rafiki wa valvu. Ukikuta 3 na pointi, jihadhari hata kama usikivu unavutia. Na kama kiwanda kimeificha namba hiyo, mimi huichukulia kuwa si ya kujivunia.

Spika moja moja

LS3/5a ilizaliwa BBC mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya kusikilizia matangazo mahali finyu kama ndani ya magari ya kurushia. Ilitengenezwa kwa leseni na viwanda kadhaa, Rogers ikiwa maarufu zaidi, na toleo la baadaye lilishuka kutoka omu 15 hadi 11. Haina besi ya chini, haitaki zaidi ya wati 25 hivi, na kwenye sauti ya binadamu ina ukweli ambao spika kubwa nyingi hazina. Ifunge na EL84 za jozi, ikae mita 1.5 hadi 2 kutoka kwako, na utapata chumba cha kusomea chenye redio bora kuliko zote. Ukiwa na 2A3, mashairi na mazungumzo ya usiku tu. Kwa sherehe, sahau.

KEF LS50, iliyotoka mwaka 2012, ni spika ninayoipenda nikiwa na transista. Usikivu 85, ukinzani unashuka hadi omu 3.2. Amplifaya zote tatu za hapa zitahema. Sina la kuongeza.

Wharfedale Linton ndiyo inayonipa shida kuhukumu, na ndiyo ambayo wengi wataifikia kwa bei. Ilirudi sokoni mwaka 2019 ikiwa na sura ya miaka ya 1970: kabati pana la mbao, wufa (spika ya besi) ya inchi 8, spika tatu ndani ya boksi. Desibeli 90, omu 6, ukinzani wa chini omu 3.5, na kiwanda chenyewe kinashauri kuanzia wati 25. Kwa karatasi, basi, haifai. Kwa masikio, na EL84 za jozi zenye wati 15 kwenye ncha ya omu 4, katika chumba cha mita 4 kwa 5, inaimba vizuri kwa kiwango cha mtu asiyetaka kugombana na majirani. Sauti yake ya asili ni ya upole, kwa hiyo haichoki wala kuchosha. Ukiiunganisha na 300B utafika kwenye kikomo mapema, hasa muziki ukiwa na ngoma nyingi. Na 2A3 usijaribu.

DeVore Fidelity ni kampuni ya Brooklyn, New York, na Orangutan O/93 yake imeundwa waziwazi kwa watu wa valvu: omu 10, desibeli 93, koni ya karatasi ya inchi 10, na ukinzani usioporomoka. Kati ya zote sita, hii ndiyo isiyohitaji maelezo. 300B inaiendesha kwa starehe, EL84 inaiendesha ikicheka, na 2A3 inatosha kwa msikilizaji mtulivu. Tatizo ni bei. Kwa bei hiyo kuna mtu atajenga vyumba viwili.

Sasa Klipsch. Paul Klipsch alianzisha kampuni yake mwaka 1946 katika mji wa Hope, jimbo la Arkansas, na imani yake ilikuwa moja: spika inayohitaji nguvu kidogo hujikwaruza kidogo. Heresy, iliyoanza mwaka 1957, ni ndogo kwa urefu kiasi cha kufikia goti, ina wufa ya inchi 12 na honi mbili, na hukaa sakafuni ikiinama nyuma kidogo. Desibeli zake 99 zina maana kwamba ukisikiliza kawaida unatumia sehemu ndogo mno ya wati moja. Kasi yake ni ya ajabu: mpigo wa ngoma unatoka mzima, na tarumbeta inasimama mbele yako. Udhaifu wake ni besi. Matoleo ya zamani huishia karibu hezi 58, maana yake uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi unausikia kwa kuukisia. Ukiisukuma karibu na ukuta inapata nyama kidogo.

La Scala ya mwaka 1963 ina historia inayonifurahisha. Kampuni husimulia kwamba ilibuniwa kwa ajili ya mikutano ya kampeni ya Winthrop Rockefeller alipotaka ugavana wa Arkansas. Kwa hiyo spika hii inayouzwa leo kwa matajiri wenye sebule za mbao ilianza kazi kama zile tunazoziona juu ya malori wakati wa uchaguzi, na ukiisikia utaamini. Wufa ya inchi 15 imefichwa ndani ya honi iliyokunjwa. Kwa 2A3 hakuna mwenzi mwenye nguvu zaidi. Lakini besi nayo inaishia karibu na hezi 50, na kabati lake linataka ukuta mzima.

Honi ina gharama moja isiyosemwa dukani: inasikilizisha kila kitu, pamoja na uchafu wa amplifaya. Valvu kama 2A3 na 300B hupashwa moto na waya ule ule unaotoa sauti, na zikipashwa kwa umeme wa kawaida wa mkondo geu huacha mvumo mdogo kwenye spika. Tuseme mvumo huo ni milivolti 1. Kwenye spika ya desibeli 86 unakuwa desibeli 17 kwa mita 1, hausikiki ukiwa kwenye kiti. Kwenye La Scala unakuwa 36. Usiku, feni imezimwa, barabara imetulia, utausikia kutoka kwenye kochi. Kabla ya kununua amplifaya kwa ajili ya honi, uliza milivolti za mvumo kabla hujauliza wati, na zikizidi nusu milivolti endelea kutafuta.

Kuna njia nyingine ya mafundi, spika moja inayobeba sauti zote bila krosova (kichujio kinachogawa besi na sauti za juu kwa spika tofauti): Lowther za Uingereza, au Fostex za Japani kama FE206 ya inchi 8 yenye desibeli 96 hivi. Hizi hupenda amplifaya yenye ukinzani wa ndani mkubwa, kwa sababu sumaku zao zina nguvu kupita kiasi na huikausha besi. Valvu inalegeza kidogo na besi inarudi. Fundi seremala mzuri akikupigia kabati kwa ramani ya kiwanda, gharama inakuwa ndogo ukilinganisha na kinachotoka. Sauti za kati zinakaribia mno kuwa mtu yuko chumbani. Ila zina ukali fulani mahali sauti ya mwanamke inapopanda, na kwenye taarabu yenye mwimbaji wa koo kali nimeuona unachosha. Anayependa gitaa na udi atafurahi.

Chumba cha kwetu

Mengi yanayoandikwa kuhusu spika hizi yanatoka Marekani, ambako nyumba nyingi zina kuta za mbao na ubao wa jasi, na sakafu yenye zulia. Sebule ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar ni tofali, saruji na vigae. Kuta nzito hazivujishi besi kirahisi, kwa hiyo Heresy inayolaumiwa kwa wembamba huko inaweza kusikika imeshiba hapa. Kwa upande wa juu mambo ni kinyume: kigae na saruji vinarudisha sauti nyembamba kama kioo, na honi kwenye chumba kitupu inaumiza masikio ndani ya nusu saa. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaoning'inia, nunua zulia nene na mapazia kabla ya spika. Chumba ambacho huwezi kukifunika, chenye milango ya vioo na sakafu tupu, kipe Linton au O/93, usikipe honi.

Wa pwani wanaonunua spika zilizotumika waangalie ukingo wa koni. Ukingo wa sponji hubomoka kwa miaka na unyevu, ukiugusa unabaki na unga mweusi kidoleni. Wa mpira au kitambaa hudumu zaidi. Koni ya karatasi yenyewe si tatizo mradi haijalowa.

Mwenye sabufa yenye umeme wake na kichujio chake anaweza kuiongeza kwa Heresy au LS3/5a ili ibebe chini ya hezi 60 au 80. Inasaidia, lakini usidanganyike kwamba imeipunguzia valvu mzigo: amplifaya inaendelea kupeleka besi kwenye spika kuu mpaka uweke kapasita ya kuizuia kwenye njia ya kuingilia.

Umeme, na mambo ya hatari

Amplifaya nyingi za valvu zilizotumika zinatoka Marekani na Japani. Ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani ni ya volti 100, na ukuta wako una 230 au 240. Ukiichomeka moja kwa moja hutapata nafasi ya pili. Transfoma ya kushusha volti ni lazima, na iwe kubwa: amplifaya ya 300B ya wati 8 kila upande inaweza kuvuta zaidi ya wati 100 ukutani muda wote. Hezi pia si za kupuuza. Umeme wa Marekani ni hezi 60, wetu ni 50, na transfoma ya umeme iliyobaniwa kwa hezi 60 hupata moto ikifanya kazi hapa hata volti zikiwa sahihi. Iguse kifuniko cha transfoma baada ya saa mbili. Kama mkono hauvumilii, irudishe kwa muuzaji au umpe fundi aibadilishe.

Volti zinazopanda na kushuka huzimaliza valvu mapema, kwa sababu nyuzi za kuzipashia moto hupanda na kushuka nazo. Stebilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya amplifaya. EL84 ikifa, mpya ni rahisi kuipata na bei yake haitishi. Zinatengenezwa mpaka leo Slovakia na Urusi. Jozi ya 300B za Western Electric, ambazo sasa zinatengenezwa Rossville, Georgia, inagharimu kuliko amplifaya nzima ya EL84 ya wastani. Zipo za China kwa bei ya chini, na ndizo wengi wanazotumia.

Ndani ya amplifaya hizi kuna volti 300 hadi 450 za mkondo mnyoofu, na kapasita hubaki nazo hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kubadilisha valvu zilizopoa kwa nje ni kazi ya mwenye amplifaya; kufungua chini ni kazi ya fundi anayezijua. Na usiiwashe kamwe ikiwa haina spika. Transista iliyoachwa bila spika inakaa tu, lakini transfoma ya valvu isiyo na mzigo muziki ukianza inaweza kupiga cheche ndani yake na kuungua, na hiyo ndiyo sehemu ghali kuliko zote. Funga spika zote mbili kwanza, hakikisha nyaya zimekaza, kisha uwashe.